Mambo ya Nyumbani: Posho ya Wakati wa Dhiki

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya neno ambalo tumelisikia mara nyingi katika nyumba za walimu, na za wakulima pia, nalo ni hili: "Mambo yakitulia tutaanza kuishi vizuri." Baba akiambiwa na daktari apunguze chumvi, hujibu, "Ngoja kwanza nimalize deni." Mama akishauriwa asiwakeshe watoto, husema, "Tukishavuka Januari." Basi Januari huvukwa, ukaja msiba, msiba ukaisha, ikaja harusi ya binamu yenye kadi ya mchango, na mwaka unapokwisha nyumba iko palepale, ila watu wake wamechoka zaidi.

Sisi twaona kwamba neno hilo linakwenda kinyume. Nyumba yenye raha yaweza kuvumilia mwenendo mbovu miaka mingi kabla haijaona hasara. Nyumba yenye dhiki haiwezi, maana haina akiba ya fedha wala ya nguvu. Tena dhiki huja na mwenendo wake yenyewe. Nyumba ya namna hii twaijua, nanyi mwaijua. Mkuu wa nyumba amechukua ule mkopo ambao watu wameuita "kausha damu," na kwa kweli haukupewa jina hilo bure. Kila siku hudaiwa marejesho. Asubuhi hakuna akaaye kula. Kila mmoja hunyakua andazi na chai ya sukari nyingi, akaenda zake. Mchana hakuna chakula. Usiku, saa tatu au saa nne, hupikwa ugali mkubwa, na mboga hukaangwa kwa mafuta mengi ili ipate ladha, kwa kuwa yenyewe ni kidogo. Watoto husinzia juu ya sahani. Baba na mama hukaa macho hata saa sita, kila mmoja na simu yake, wakirudia hesabu ileile moyoni. Hawasemezani, au wakisemezana huwa ni kwa ukali.

Mwili wa mtu aliye katika hali hiyo hukaa kama mwili wa mtu akimbiaye simba: moyo hupiga mbio, damu husukumwa kwa nguvu, na sukari humwagwa katika damu ili misuli ipate kukimbia. Lakini mdeni hakimbii po pote, ameketi kitini. Akilala kidogo, kesho yake hutamani vitu vitamu na vya mafuta kuliko desturi yake. Ndivyo hofu inavyoleta ulaji mbaya na kukesha, navyo vikaongeza hofu. Shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, mara nyingi halina dalili. Mtu hulibeba miaka mingi asijue, hata siku apoozapo upande mmoja. Kwa hiyo nyumba isiyoweza kumudu ugonjwa ndiyo hasa isiyoweza kungoja mambo yatulie.

Wako watu waliobadili ulaji wao katikati ya dhiki kubwa kuliko ya deni, na habari zao zimeandikwa na kupimwa hata siku hizi zetu. Nao ni Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Twaomba mtuvumilie tukiwapeleka mbali kidogo, kwa sababu tutarudi jikoni upesi.

Vita ilipoanza mwaka 1939, zaidi ya nusu ya chakula cha Uingereza kilikuwa kikiletwa kwa meli kutoka nchi nyingine. Wajerumani wakaanza kuzizamisha meli hizo kwa nyambizi. Serikali ikaona kwamba mambo yakiachwa hivihivi, mwenye fedha atanunua na kujaza ghala lake, na maskini atakosa. Basi tarehe 8 Januari 1940 ikaanza posho. Kila mtu alikuwa na kitabu chake, na dukani hakuuziwa siagi wala sukari wala nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi ila kwa kipimo. Baadaye zikaongezwa nyama nyingine, chai, jibini na mafuta. Hata jamaa ya Mfalme walikuwa na vitabu vya posho. Waziri wa Chakula wa miaka ile, Lord Woolton, akawahimiza watu wale viazi na karoti, na watu wakapanda mboga palipokuwa na maua, katika viwanja vya miji, hata ndani ya handaki linaloizunguka ngome ya kale ya London. Vita ikaisha mwaka 1945, lakini posho ikaendelea. Sukari iliachwa huru Septemba 1953, na nyama Julai 1954.

Msidhani kwamba watu hao walifurahi. Walinung'unika sana. Wala hatusemi kwamba uhaba ni kitu chema. Katika vita hiyohiyo, mwaka 1943, watu wa Bengal katika India, waliokuwa chini ya utawala uleule wa Waingereza, walikufa kwa njaa na maradhi yake, wapata milioni 2 au 3. Njaa haimfundishi mtu afya, humwua. Kilichowafaa watu wa Uingereza kilikuwa utaratibu: kilichopungua kilipimwa, na kilichobaki kilipelekwa kwanza kwa yule aliyekihitaji zaidi.

Tazameni jambo la maziwa. Tangu Julai 1940 mwanamke mwenye mimba, mama anyonyeshaye, na mtoto asiyetimiza miaka mitano walipata maziwa kila siku, zaidi kidogo ya nusu lita, kwa bei ndogo, na maskini bure. Kisha watoto wakaongezewa maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Vifo vya watoto wachanga vilipanda katika miaka ya kwanza ya mabomu, lakini vita ilipokwisha vilikuwa vimeshuka chini ya vile vya kabla ya vita. Nchi iliyokuwa ikibomolewa ikawalea watoto wake wachanga kuliko ilivyowalea wakati wa amani.

Na tena kuna hili la sukari. Wakati wa posho mtu alipata kadiri ya gramu 40 kwa siku, naye alipoachiwa huru akafika karibu mara mbili kwa muda mfupi. Mwaka 2024 wataalamu walitoa katika jarida la Science habari za watu wapatao 60,000 waliozaliwa Uingereza kati ya mwaka 1951 na 1956, wengine kabla ya sukari kuachwa huru na wengine baadaye. Waliotungwa mimba na kulelewa miaka ya kwanza sukari ingali kwa kipimo walionekana, katika utu uzima wao, kuwa na hatari ya kisukari iliyopungua kwa kadiri ya asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa kadiri ya asilimia 20. Hata wale waliougua, waliugua kwa kuchelewa: kisukari kwa miaka kama 4, na shinikizo la damu kwa miaka kama 2. Mama zao hawakujua. Wao walikuwa wakisubiri siku watakapopata sukari ya kutosha.

Basi na turudi nyumbani. Sisi hatuna serikali ya kutupimia sukari, wala hatuiombi. Lakini kila nyumba inayo mamlaka yake, na yaweza kujiandikia posho. Neno la kwanza la posho hiyo, kwa maoni yetu, ni nani apewe kwanza.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Katika nyumba zetu nyingi, siku kuku achinjwapo, firigisi ni ya baba, na mapaja ni ya baba na mgeni wake. Mama hupakua, hugawa, na mwisho hukwangua chungu. Mtoto wa miaka miwili hupata mchuzi. Wakati wa raha, kuku akichinjwa mara kwa mara, desturi hii haimwumizi mtu sana. Wakati wa dhiki, nyama ikiingia nyumbani mara moja kwa mwezi, desturi hiyohiyo yamnyima mtoto kitu kilichokuwa kimjengee damu na akili, ikampa mtu mzima ambaye mwili wake ulikwisha jengwa zamani. Mwaka 2022 hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania ilionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Wengine katika hao hukaa katika nyumba zisizokosa chakula. Wanakosa zamu.

Heshima ya baba haikai katika firigisi. Baba akiinua mwenyewe kipande chake, akakiweka katika sahani ya mkewe mwenye mimba, mbele ya watoto wote, hakuna atakayemdharau. Na wana wake wa kiume watakuwa wamejifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha ubaoni. Kadhalika mayai. Tumeona nyumba yenye kuku sita wa mayai ambayo watoto wake hawaonji yai, kwa kuwa mayai yote huuzwa, na fedha yake hununua sukari na biskuti. Kuuza si vibaya, maana chumvi na sabuni hazioti shambani. Lakini yawekeni kando kwanza ya mwenye mimba na ya watoto wadogo, ndipo yaliyobaki yauzwe. Nyumba isiyo na kuku isikate tamaa: dagaa, maharage, kunde, mbaazi na karanga hufanya kazi hiyohiyo, na bei yake haifiki ile ya nyama.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza uji asitiwe sukari ndani yake. Hajui ladha yake wala hailii; ni sisi tunaomjulisha. Ndizi mbivu iliyopondwa yatosha kuufanya uji uwe mtamu, na hapo yule mtoto wa Kiingereza wa mwaka 1951 hamshindi wetu neno.

Sasa juu ya unga. Tulisema Waingereza walinung'unika. Kilichowachukiza kuliko vyote ni mkate. Mwaka 1942 serikali iliamuru unga wa ngano usikobolewe sana, ili nafaka isipotee, na mkate ukatoka wenye rangi ya kijivu. Watu waliuchukia, ijapokuwa ulikuwa na nguvu kuliko ule mweupe. Je, hamwoni kwamba ni habari ya sembe na dona? Mashine ikikoboa mahindi huondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini na mafuta na nyuzinyuzi za nafaka. Tunalipa fedha ili tuondolewe kilicho bora, kisha twanunua pumba zilezile kuwapa kuku, nao wananenepa. Mwenye dhiki asagishe dona: debe lake litamfikisha mbali zaidi, na mlaji wake hushiba kwa muda mrefu. Ila neno moja la hadhari. Mahindi yenye ukungu si chakula, yawe ya dona au ya sembe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu, iitwayo sumukuvu, iliyokuwa katika mahindi. Kaushe mahindi yako juu ya turubai, si juu ya udongo. Chagua punje zilizooza uzitupe. Na karanga zenye ukungu usimpe hata kuku.

Tunajua kinachowazuia watu wasile dona, nacho si ladha. Ni jirani. "Watasema tumefilisika." Tumefikiri sana juu ya hili, na twaona kwamba aibu yatula fedha nyingi kuliko tumbo. Kwa aibu twamtuma mtoto dukani akakope soda kwa ajili ya mgeni, na chupa moja ya soda ya kawaida ina sukari kadiri ya vijiko vidogo 8. Mgeni mwenyewe pengine ana kisukari, naye ainywa kwa aibu yake vilevile. Maji safi, ndizi mbili na karanga zilizokaangwa leo ni makaribisho yasiyomwumiza mtu. Kwa aibu twaandika katika kadi ya mchango fedha tusizo nazo, kisha twakopa, kisha twakosa usingizi. Nyumba moja tuijuayo, mume na mke wote wawili walimu, walipatana mwanzo wa mwaka kiasi cha michango ya mwaka mzima, wakakiandika. Kadi ikija baada ya kiasi hicho kwisha, huenda wenyewe kwa wenye harusi, mapema, wakasema, "Fedha hatuna, ila siku hiyo tutakuja asubuhi kuteka maji na kuosha vyombo." Wako walionuna. Lakini vyombo vilioshwa, na mwaka ule hawakukopa.

Chai hatutaisema sana. Hesabuni wenyewe: vijiko vitatu kikombeni, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko 9, yaani kadiri ya gramu 36 kama vijiko ni sawasawa visivyorundikwa. Hiyo ni karibu posho yote ya Mwingereza ya siku, nawe hujala andazi. Punguzeni nusu kijiko kila juma, na baada ya miezi miwili ulimi utakuwa umesahau. Tena chai isinywewe pamoja na maharage au mboga za majani, kwa sababu huzuia damu isipate madini ya chuma yaliyomo. Ngojeni saa moja. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya dukani. Vile vipande na vijiunga vya mchuzi vya dukani vina chumvi nyingi. Kitunguu, nyanya na ndimu hufanya kazi nzuri kuliko hivyo.

Sasa twafika penye jambo ambalo waandishi wengi wa maneno ya afya hulipita bila kulitazama. Mtu husoma kwamba afadhali dona, afadhali kisamvu, afadhali bustani nyuma ya nyumba, afadhali maharage kuliko nyama. Husema, "Vema sana," kisha humpa mkewe karatasi asome. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kibichi kina sumu. Maharage hukaa motoni saa mbili au tatu. Bustani yataka maji asubuhi na jioni. Basi maisha yaliyopunguzwa kwa baba yameongezwa kwa mama, ambaye huamka saa kumi na moja na kulala wa mwisho. Hayo si maisha ya kiasi. Ni mzigo uliohamishwa kutoka mfukoni kwenda mgongoni.

Kwa hiyo twashauri hivi: kila kinachoongezwa nyumbani kipewe mtu wa kukifanya, na mtu huyo asiwe mama kila mara. Kijana wa kiume wa miaka kumi na miwili ana mikono miwili kama dada yake. Aweza kutwanga, kuosha sufuria, na kumwagilia mchicha. Baba mwenye baiskeli aweza kuleta madumu ya maji jioni, na hatadondoka kitu. (Mwalimu wa kiume afundishaye usafi darasani, kisha nyumbani asijue ufagio unakaa wapi, twamwachia yeye mwenyewe ajipe maksi.) Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, na kuni au mkaa utapungua. Na kuanza bustani si lazima kuwa na shamba: matembele na mchicha huota palipo na maji ya kuogea yamwagikapo, na majani ya maboga hupanda juu ya ua bila kumwuliza mtu.

Katika haya yote, mtu atauliza, tuanze na lipi? Nyumba yenye dhiki haiwezi kushika mambo kumi kwa siku moja. Ikijaribu, juma la pili yatakuwa yameachwa yote. Sisi twachagua saa ya chakula cha jioni. Jioni ile iliyokuwa saa tatu au nne iwe saa kumi na mbili na nusu. Jambo hili halihitaji senti, nalo huvuta mengine nyuma yake kama mwongoza mbuzi. Mtoto alaye saa kumi na mbili na nusu aweza kulala saa mbili, na akiamka saa kumi na moja atakuwa amelala saa 9. Watoto wa umri wa shule ya msingi huhitaji saa 9 hata 12. Aliyelala hivyo huamka na njaa, na mwenye njaa hula uji asubuhi, haridhiki na andazi la njiani. Na wote wakiwa wameketi pamoja kungali na mwanga, mama huona nani hali, na baba husikia nani kafukuzwa shule kwa kukosa daftari kabla jambo halijawa kubwa.

Baada ya watoto kulala, ndipo wakati wa daftari la madeni. Madeni yote yaandikwe, ya baba na ya mama, hata lile ambalo mmoja alilificha. Nasi twajua kwamba katika nyumba nyingi liko moja lililofichwa. Yasemwe mezani, taa ikiwa inawaka, kwa muda usiozidi nusu saa, mara moja kwa juma. Kisha daftari lifungwe. Siku nyingine zilizobaki, deni lisitajwe chumbani, na simu zilale sebuleni. Wenye desturi ya kwenda kilabuni kutafuta usingizi katika pombe wajue kwamba pombe humlaza mtu upesi na kumwamsha usiku wa manane, na kwamba hupandisha damu. Kutembea kwa miguu nusu saa, siku tano katika juma, ni kipimo ambacho wataalamu wamekiweka kwa mtu mzima. Mwalimu aendaye shuleni kwa miguu tayari anacho, asijidharau kwa kukosa pikipiki.

Twaongeza neno moja kwa wale ambao wamekwisha pimwa na kupewa dawa za presha au za kisukari. Chakula chema hakiondoi kidonge. Tumesikia watu wakisema kwamba wakianza kula majani na vitunguu saumu wataacha dawa ili kuokoa fedha. Msifanye hivyo. Endeleeni na vidonge, mkapimwe kwa siku mlizopangiwa, na daktari akiona damu imeshuka, yeye ndiye atakayepunguza.

Na kwa mama mmoja aliyetuuliza afanye nini na mama mkwe wake, ambaye kila akija huwaletea wajukuu pipi na kuwatia sukari katika uji, akisema mkwe wake amekuwa bahili: usimkatalie mbele ya watoto, wala usimtume mumeo kumkemea mamaye. Mpe shikamoo yake, mkalishe, na umwombe akufundishe mlenda alioupika zamani, na namna walivyowalisha watoto kabla sukari haijafika kila duka. Atasimulia jioni nzima. Pipi zake zipokee kwa mikono miwili, uziweke kabatini, nazo zigawiwe na yeye mwenyewe siku ya Jumapili baada ya chakula, moja kwa kila mtoto.